Mlimani na Dagashida

Mgodi wa Buzwagi umejadiliwa sana, na karibu mara zote mbali na Buzwagi. Mwaka 2007 mbunge Zitto Kabwe alihoji bungeni Dodoma kwa nini mkataba wa mgodi huo ulisainiwa London wakati serikali ingali inaipitia upya mikataba ya madini. Alisimamishwa kuhudhuria vikao, na kabla mwaka haujaisha ikaundwa kamati ya Jaji Mark Bomani kuipitia sekta ya madini. Mwaka 2017 ikawa zamu ya makinikia, yaani mchanga wenye madini: makontena 277 yakazuiwa bandarini, na maprofesa Abdulkarim Mruma na Nehemiah Osoro wakawasilisha Ikulu taarifa za kamati zao, nchi nzima ikitazama runinga. Mgodi wenyewe, uliopo kando ya mji wa Kahama, ulianza kuzalisha mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021.

Nchi hii ina mapokeo mawili makubwa ya kujadili mambo ya namna hiyo hadharani, na hayajawahi kukutanishwa ipasavyo.

La kwanza ni la Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka ya mwisho ya sitini, mwanahistoria Walter Rodney akifundisha hapo, wanafunzi wa chama cha USARF, Yoweri Museveni akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliendesha madarasa ya itikadi Jumapili bila mtihani wala cheti. Serikali ilikipiga marufuku chama chao mwaka 1970. Mwaka huohuo Rodney alipambana kwa hoja na Ali Mazrui, mwana wa Mombasa aliyeongoza idara ya siasa ya Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Mwaka 2009, chini ya Issa Shivji, Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha chuo hicho kilimwalika mwandishi Wole Soyinka. Uzuri wa mapokeo haya ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kusimama akampinga profesa, kisha akarudi bwenini salama. Hilo si jambo dogo hata kidogo.

Lakini tazama semina ya kawaida siku hizi. Mchokoza mada anapitisha slaidi zake harakaharaka, mwenyekiti anapokea maswali matatu kwa mpigo, anayejibu anachagua lililo jepesi, kisha tunaambiwa muda hauturuhusu, chai ipo nje. Hakuna anayeondoka akidaiwa chochote.

Mapokeo ya pili ni dagashida ya Wasukuma, baraza la jamii ambalo watu huondoka wakidaiwa. Ubora wake ulionekana kwenye ngitili, maeneo ya malisho yanayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokaza. Baraza ndilo linalokubaliana sheria: nani aingize mifugo na lini, aliyekata mti atozwe nini. Anayevunja sheria hiyo anawajua waliomhukumu, nao wanamjua. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulijengwa juu ya mamlaka hayo ya wenyeji, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudishiwa uoto. Sijui semina iliyowahi kuotesha hata hekta moja.

Hata hivyo siwezi kuyasifu mabaraza yote ya Usukuma bila kuwakumbuka waliokandamizwa. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini walioibuka Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya themanini kupambana na wezi wa mifugo, waliwatenga watu na kuwaandama wanawake waliotuhumiwa uchawi. Mtu mmoja mwenye shaka, akizungukwa na kijiji kilichokwisha kuamua, hana pa kusimamia. Hapo ndipo ustaarabu wa Mlimani ungefaa: haki ya kuuliza ushahidi uko wapi, na kuuliza tena.

Upande wa pili, zile taarifa za 2017 ziliandaliwa na wasomi wa kweli, lakini zilisomwa na kupokelewa. Mkulima wa Mwendakulima, kata inayopakana na mgodi, hakupewa nafasi ya kumuuliza profesa swali lolote. Kwangu hilo ni pengo kubwa kuliko ugomvi wowote wa takwimu.

Ningependa idara ya siasa ya Mlimani ipeleke kongamano lake la madini Kahama, kwa Kiswahili, Kisukuma kikiruhusiwa. Wachokoza mada wawe wachache na maswali yasiwekewe kikomo. Kila ahadi iandikwe pamoja na jina la aliyeitoa, na wazungumzaji walewale warudi mwaka unaofuata, wasomewe walichosema, waulizwe kimefikia wapi.