Ushahidi wa Wengi: Kutoka Nairobi hadi Bandari ya Kituku

Neno ushahidi lina historia ndefu katika Kiswahili. Limejengwa juu ya neno shahidi, lenye asili ya Kiarabu, na kwa muda mrefu makao yake yalikuwa mahakamani na mbele ya wazee: aliyeona kwa macho yake husimama akaeleza, na mwenye mamlaka ya kuamua humsikiliza. Mwaka 2008 neno hilo lilipewa kazi mpya. Makala haya yanafuatilia safari yake kutoka Nairobi hadi Goma, na yanakusudia kuonyesha kwamba ushirikiano wa watu wengi kwa njia ya intaneti huzaa matunda pale tu ambapo pana chombo cha kuupokea.

Uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007 ulifuatiwa na ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,100. Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na habari za vijijini zikawa adimu. Mwanasheria Ory Okolloh alitoa wazo la kuwa na ramani ambayo mwananchi yeyote angeweza kuiongezea habari. Pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, wazo hilo likageuzwa programu katika muda wa siku chache, nayo ikaitwa Ushahidi. Mtu aliyeona tukio alituma ujumbe kwa simu ya mkononi au kwa kompyuta. Wenye kujitolea waliupima, kisha ukawekwa mahali pake kwenye ramani. Programu yenyewe iliachwa huru, hata wengine wakaweza kuitumia bila malipo.

Nafasi ya kuijaribu ng'ambo ya mipaka ya Kenya haikukawia. Mwishoni mwa Oktoba 2008 majeshi ya Laurent Nkunda yalikaribia Goma, na mwezi wa Novemba Ushahidi ilianzishwa kwa ajili ya mashariki ya Kongo. Jina halikuhitaji tafsiri, kwani Kiswahili ni miongoni mwa lugha nne za taifa nchini humo. Hata hivyo, mazingira yalikuwa tofauti. Nchini Kenya palikuwapo magazeti, mashirika na wapatanishi waliohitaji habari hizo na walioweza kuzifanyia kazi. Katika Kivu intaneti ilikuwa ya wachache, na mkimbizi aliyetaka kueleza aliyoyaona hakujua nani angemjibu.

Katika mambo ya mazingira, mfano wa Dar es Salaam unafafanua hoja hii vizuri zaidi. Mwaka 2011 wakazi wa Tandale, wakisaidiwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi, walichora ramani ya mtaa wao. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliupeleka utaratibu huo katika mitaa mingi inayokumbwa na mafuriko. Wanafunzi na wenyeji waliandika mifereji na njia za maji, na kazi yao ikaingizwa katika ramani ya dunia iliyo wazi kwa wote. Hapo mpokeaji alijulikana tangu awali: viongozi wa mitaa na wapangaji wa mji. Hali kadhalika, wakati wa Ebola katika Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia 2018 hadi 2020, watu wa nchi za mbali walichora nyumba na barabara kutokana na picha za setilaiti, nao wahudumu wa afya walizingojea ramani hizo.

Kituku, bandari na soko upande wa magharibi wa Goma, inaonyesha upande wa pili. Hapo hushushwa vyakula na bidhaa kutoka Minova, Idjwi na kwingineko kando ya Ziwa Kivu, na hapo hapo wakazi huteka maji. Mwaka 2024 mapigano ya eneo la Sake yaliikata barabara iendayo Minova, na ziwa likawa ndiyo njia. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka karibu kabisa na bandari hiyo. Waliokuwa ufukoni waliipiga picha ikizama, na picha hizo zikaenea duniani kwa muda mfupi. Gavana wa Kivu Kusini alitaja abiria 278 na vifo 78, lakini hesabu kamili iliendelea kubishaniwa.

Ushahidi wa baada ya msiba, basi, ulikuwa tele. Uliokosekana ni ule wa kabla ya safari: majina ya abiria, uzito wa mizigo, hali ya ziwa. Habari hizo zaweza kukusanywa na wachukuzi na wachuuzi wenye simu za kawaida. Wala wakazi wa Goma si wageni wa juhudi za pamoja. Vuguvugu la LUCHA, lililoanzishwa mjini humo mwaka 2012, lilitumia mitandao na maandamano ya amani kudai, pamoja na mengine, maji safi. Lakini orodha ya abiria haiokoi mtu pasipo ofisa bandarini mwenye uwezo wa kuizuia boti isiondoke, na kazi hiyo ilizidi kuwa ngumu Goma ilipotekwa na M23 mwezi Januari 2025. Uvumbuzi ambao Kituku inauhitaji kwanza ni ofisa huyo, na utaratibu wa kumfikishia habari kabla kamba haijafunguliwa.