Mafuta Juu ya Maji: Jinsi Utando wa Seli Ulivyojulikana Kabla Haujaonekana

Kumwaga mafuta baharini ili mawimbi yatulie ni desturi kongwe ya mabaharia. Pliny, Mrumi wa karne ya kwanza, ameandika kwamba wapiga mbizi walikuwa wakitoa mafuta kinywani wakiwa chini ya maji, bahari ilainike juu yao na mwanga uwafikie. Wavuvi wa Bermuda walitia mafuta majini wapate kumwona samaki kabla ya kumchoma. Wavuvi wa Lisbon, wakikuta mawimbi yamechafuka kwenye mlango wa mto, walimimina chupa moja au mbili ndipo wapite. Huku kwetu pwani mafuta yalikuwa na kazi nyingine: mbao za jahazi zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu inayozama ikapakwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa. Chombo kisichopakwa hakidumu.

Nayataja haya kwa sababu historia ya utando wa seli, ile ngozi nyembamba inayoizunguka kila seli hai, imepitia humohumo kwenye mafuta na maji. Nimekuwa fundi wa maabara ya shule kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, hapa Tanga, na vitabu nilivyovitumia vilianza habari hii na hadubini. Mwaka 1665 Robert Hooke alilitazama gome la mti, akaona vijumba vitupu, akaviita seli. Sawa. Lakini alichoona ni kuta za seli zilizokwisha kufa. Utando wenyewe una unene wa nanomita 5 hadi 10, na nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Hadubini ya kawaida inayotumia mwanga huishia kwenye nanomita 200 hivi. Kwa hiyo karibu miaka 300 baada ya Hooke hakuna mtu aliyekuwa ameuona utando, na bado watu waliweza kujua umetengenezwa kwa nini, una tabaka ngapi, na una unene kiasi gani. Waliupima bila kuuona, na hiyo ndiyo sehemu ya hadithi ninayoipenda.

Mwaka 1757 Benjamin Franklin alikuwa safarini katika msafara mkubwa wa meli. Akaona mikondo ya nyuma ya meli mbili ni laini kabisa, ilhali ya meli nyingine inachafuka kwa upepo. Akamuuliza nahodha. Nahodha akamjibu kwa dharau kidogo, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua: wapishi watakuwa wamemwaga maji yao ya mafuta. Franklin hakuridhika. Baadaye, akiwa London, alikwenda kwenye bwawa la Clapham siku ya upepo na chupa ya mafuta. Mara ya kwanza aliyamwaga upande ambako mawimbi yalikuwa makubwa, upepo ukayarudisha ufukoni. Akazunguka upande upepo unakotokea, akamimina kiasi kisichozidi kijiko cha chai. Mafuta yakatambaa mpaka sehemu ile yote ya bwawa, kama nusu ekari hivi, ikawa laini kama kioo. Tangu hapo akawa na mazoea ya kutembea na mafuta kidogo ndani ya pingili ya juu ya fimbo yake ya mwanzi, kila akikutana na maji ajaribu tena. Habari hizi zilichapishwa mwaka 1774.

Jambo moja hakulifanya: hakupiga hesabu. Nusu ekari ni kama mita za mraba 2,000. Kijiko cha chai ni kama mililita 5. Gawanya, utapata unene wa nanomita 2.5. Franklin alikuwa amesimama ukingoni mwa bwawa, mbele yake limelala tabaka la mafuta lenye unene wa molekuli moja, na alikuwa na namba zote mbili mkononi. Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa darasa la saba. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kabla mtu hajaifanya.

Aliyelifikisha jambo hili mbali zaidi alikuwa msichana aliyekuwa akiosha vyombo. Agnes Pockels alizaliwa Venice mwaka 1862. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Austria, malaria ikamwandama mpaka akastaafu mapema, na mwaka 1871 familia ikahamia Braunschweig, Ujerumani. Agnes alisoma shule ya wasichana na alitamani fizikia, lakini vyuo vikuu havikuwapokea wanawake. Mdogo wake, Friedrich, alikwenda Göttingen kusoma fizikia, naye ndiye aliyempatia dada yake vitabu. Agnes alibaki nyumbani kupika, kusafisha na kuuguza wazazi.

Jamaa zake walisimulia kwamba yote yalianzia kwenye maji machafu ya vyombo, yale yenye ukoko wa mafuta juu. Alikuwa na miaka 20 hivi alipotengeneza kifaa chake. Ni chombo cha bati chenye urefu wa sentimita 70 na upana wa sentimita 5, kimejazwa maji mpaka pomoni. Juu yake amelaza kipande chembamba cha bati kinachokatiza upana na kugusa uso wa maji. Ukikisukuma kipande hicho, unausukuma pamoja nacho uchafu wote ulioelea: upande mmoja uso unasafishika, upande wa pili mafuta yanabanana. Kisha alichukua kidude cha duara, kidogo kama kifungo, akakining'iniza kwenye mizani ndogo ya kupimia dawa, akakigusisha na uso wa maji, akapima nguvu inayohitajika kukibandua. Basi. Hapo ana kipimo cha jinsi uso wa maji unavyojikaza, na ana njia ya kubadili kiasi cha mafuta bila kuongeza hata tone.

Akaligundua jambo ambalo maprofesa hawakuwa nalo. Mafuta yakiwa machache juu ya maji, uso unajikaza kama maji safi tu. Endelea kuyabana, hakuna kinachobadilika. Kisha unafika mahali fulani, na ghafla nguvu ya uso inaanza kushuka. Leo tunajua maana yake: hapo ndipo molekuli zimesimama bega kwa bega na hakuna nafasi iliyobaki.

Kwa miaka karibu 10 matokeo hayo yalikaa nyumbani. Mwaka 1890 mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, alichapisha vipimo vyake vya mafuta ya zeituni juu ya maji na kupata unene wa nanomita 1.6. Agnes alizisoma habari hizo, na tarehe 10 Januari 1891 akamwandikia barua kwa Kijerumani, akimweleza alichofanya na kwamba kwa sababu mbalimbali hana njia ya kukichapisha katika majarida ya sayansi. Mke wa Rayleigh aliitafsiri. Rayleigh angeweza kuyatia mfukoni matokeo hayo na kuyaita yake. Badala yake aliituma barua kwa jarida la Nature, akaomba ichapishwe kwa jina la mwandishi, na ikatoka mwezi Machi mwaka huohuo. Nimeona mabwana wakubwa wachache wenye adabu ya namna hiyo.

Wakati huohuo, Zurich, Ernest Overton alikuwa akishughulika na seli zenyewe. Alijaribu kemikali kama 500 kwenye vinyweleo vya mizizi na kwenye viluwiluwi vya chura, akiangalia ipi inaingia ndani ya seli na ipi inazuiwa. Sukari haikuingia kwa urahisi. Alkoholi na etha ziliingia mbio. Akaona utaratibu: kitu kinavyozidi kuyeyuka katika mafuta, ndivyo kinavyozidi kupenya. Hata nguvu ya dawa za usingizi aliilinganisha na jinsi zinavyoyeyuka katika mafuta ya zeituni. Mwishoni mwa miaka ya 1890 alikuwa na jibu: seli imezungukwa na tabaka lenye asili ya mafuta, kitu cha jamii ya kolesteroli na lesithini. Kwa lugha ya fundi wa majahazi, kila seli imepakwa deheni. Ila deheni ya seli imepakwa pande mbili za maji, kwani kuna maji nje na kuna maji ndani, na hilo Overton hakulieleza.

Kabla sijaendelea, nieleze jaribio nililokuwa nikiwafanyia wanafunzi, maana bila hilo hatua inayofuata haieleweki. Nilikuwa nachukua damu ya mbuzi machinjioni, kwenye chupa yenye sitrati ili isigande. Natayarisha neli mbili: moja ina maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita, ya pili ina maji matupu. Naweka matone machache ya damu katika kila neli, natikisa, kisha nasimamisha gazeti nyuma yake. Neli ya chumvi ni nyekundu iliyofifia na nzito, husomi hata kichwa cha habari. Neli ya maji matupu inakuwa nyekundu inayong'aa, na herufi zinasomeka. Mwanafunzi huwa anadhani neli ya pili ndiyo yenye damu safi. Kumbe humo seli zimekufa zote. Maji yameingia ndani, seli zikavimba, utando ukapasuka, na rangi ikamwagika. Katika neli ya chumvi seli ni nzima, na ndizo zinazozuia mwanga usipite.

Kinachobaki baada ya kupasuka ni maganda. Na seli nyekundu ya mamalia ina jambo moja la kipekee: haina kiini, haina vyumba vya ndani. Ina utando mmoja tu, wa nje. Ukikamua mafuta yote ya seli hizo, unajua umekamua utando na si kitu kingine.

Hivyo ndivyo walivyofikiri Evert Gorter, daktari wa watoto, na François Grendel, mkemia, huko Leiden mwaka 1925. Walichukua damu ya binadamu, mbwa, kondoo, sungura, simbilisi na mbuzi. Wakahesabu seli, wakakadiria eneo la uso wa kila seli, wakakamua mafuta kwa asetoni. Kisha wakayatandaza mafuta hayo juu ya maji kwenye chombo chenye kipande cha kusukumia, wakayabana mpaka yakabanana. Kifaa ni kile cha jikoni kwa Agnes. Mmarekani Irving Langmuir alikuwa amekiboresha mwaka 1917, na akathibitisha kwamba tabaka lile lina unene wa molekuli moja: vichwa vinavyopenda maji vimezama, mikia ya mafuta imesimama juu. Gorter na Grendel wakalinganisha eneo la mafuta na eneo la seli. Mafuta yalikuwa yanatosha kuifunika seli mara mbili.

Mara mbili! Tabaka mbili, mikia imeelekeana katikati, vichwa nje na ndani, na maji pande zote. Swali aliloliacha Overton likajibiwa. Ukichukua ule unene wa bwawa la Clapham, nanomita 2.5, ukazidisha kwa mbili, unapata 5, na hapo hasa ndipo ulipo unene wa tabaka mbili za mafuta za utando.

Miaka ya 1960 wengine walirudia kazi hiyo wakakuta makosa mawili. Asetoni haikukamua mafuta yote, na eneo la seli lilikadiriwa dogo kuliko lilivyo, kwa kuwa seli zilipimwa zikiwa zimekauka. Kosa moja lilipunguza eneo la mafuta, la pili likapunguza eneo la seli, jibu likabaki sahihi. Wapo wanaowacheka Gorter na Grendel kwa hilo. Mimi siwacheki. Wazo lilikuwa sahihi, na wazo ndilo gumu kulipata.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. James Danielli na Hugh Davson waliongeza protini kwenye mchoro mwaka 1935. Miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ikauonyesha utando hatimaye: mistari miwili myeusi na mweupe katikati. Mwaka 1970 huko Marekani Frye na Edidin waliunganisha seli ya panya na ya binadamu, na baada ya dakika 40 protini za pande zote mbili zilikuwa zimechanganyika, ishara kwamba utando ni kimiminika. Mwaka 1972 Singer na Nicolson wakachora picha ambayo iko katika kila kitabu cha baiolojia: bahari ya mafuta, protini zinaelea.

Ilibaki siri ya neli yangu ya pili. Maji hupitaje haraka vile kwenye ukuta wa mafuta? Peter Agre wa Baltimore alikuwa akitafuta kitu kingine kwenye seli nyekundu, mambo ya kundi la damu la Rh, na protini ndogo isiyo na kazi inayojulikana ikawa inajitokeza kila mara. Akaiweka kwenye mayai ya chura wa Afrika mwenye kucha, yule ambaye mayai yake hayapitishi maji kwa urahisi. Mayai yaliyopewa protini hiyo yalitiwa majini yakapasuka ndani ya dakika chache. Ulikuwa mlango wa maji, molekuli baada ya molekuli, mabilioni kwa sekunde. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1992, na mwaka 2003 Agre akapata Nobel ya kemia.

Langmuir naye alikuwa ameipata mwaka 1932, kwa kazi ya nyuso na matabaka. Mwaka huohuo chuo cha ufundi cha Braunschweig kilimpa Agnes Pockels shahada ya heshima ya udaktari. Alikuwa na miaka 70. Alifariki mwaka 1935, mwaka uleule wa mchoro wa Danielli na Davson. Katika vitabu vyote nilivyowahi kuviweka mezani pale maabara, Singer yumo, Nicolson yumo, Langmuir anatajwa hapa na pale. Yeye hayumo hata kimoja.

Walimu wa baiolojia, beseni la maji mnalo, unga kidogo wa kunyunyiza juu mnao, na njiti ya kiberiti iliyochovywa mafuta haina gharama. Gusisheni ncha yake majini, wanafunzi wauone unga ukikimbilia ukingoni kabla hamjawachorea tabaka mbili. Na mkifika kwenye majina, andikeni la kwanza ubaoni: Agnes Pockels, Braunschweig, 1891.