Mwajiri Aliyetungwa: Mkataba wa Wahudumu wa Majumbani Los Angeles

Februari 1999, wahudumu wa majumbani wapatao 74,000 wa Kaunti ya Los Angeles walipata chama cha kuwasemea. Kura zilipigwa kwa posta, na waliokubali walikuwa zaidi ya mara saba ya waliokataa. Magazeti yaliandika kwamba kundi kubwa kiasi hicho halikuwa limeingia chamani kwa mpigo mmoja tangu mwaka 1937, General Motors iliposalimu amri mbele ya mafundi wake wa magari. Kwa kawaida habari hii husimuliwa kama ushujaa wa wahamasishaji waliopiga hodi mlango kwa mlango kwa zaidi ya miaka kumi. Hodi zilipigwa kweli, tena kwa lugha nyingi. Lakini ukiifuata habari mahakamani na bungeni, unakuta kazi ngumu zaidi ilikuwa kumpata wa kukaa naye mezani. Katika viwanda, chama huanza na mwajiri anayejulikana, kisha kikapigania haki kwake. Hapa mwajiri hakuwepo, ikabidi atungwe kwanza.

Kutokuwepo kwake kulikuwa na wenyewe. Sheria ya mwaka 1935 iliyowapa Wamarekani haki ya kujadiliana na waajiri kupitia vyama iliwaacha nje, kwa maandishi, wafanyakazi wa mashambani na watumishi wa nyumbani. Ile ya mwaka 1938 ya kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada nayo haikuwafikia. Kazi hizo mbili ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini, na wabunge wa huko hawakutaka serikali iingilie ujira wao. Mwaka 1974 Bunge liliwaingiza watumishi wa nyumbani, ila kwa mlango huohuo likawatoa wale wanaokaa na mzee au mgonjwa kumpa kampani. Kanuni zilizofuata zikaupanua msamaha huo hadi ukawagusa watu walioajiriwa na makampuni, wanaogeuza wagonjwa kitandani, kuwaogesha na kuwalisha. Evelyn Coke, mhamiaji kutoka Jamaica aliyefanya kazi hiyo New York kwa miaka zaidi ya 20, alidai malipo ya saa za ziada hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 2007 majaji wote wakamkatalia: kanuni ilikuwa halali. Alifariki mwaka 2009. Kanuni ilibadilishwa mwaka 2013, ikaanza kutumika 2015.

California ilikuwa na tatizo lake juu ya hilo la taifa. Tangu miaka ya 1970 jimbo lina mpango wa kuwalipia wazee na watu wenye ulemavu wasio na uwezo mtu wa kuwahudumia nyumbani, ili wasipelekwe kwenye vituo vya kulelea wagonjwa, ambako gharama ni kubwa zaidi. Fedha zilitoka serikali kuu, jimboni na kwenye kaunti. Afisa ustawi wa kaunti ndiye aliyekadiria saa, jimbo likaandika hundi, na mhudumiwa akachagua mhudumu, akamwelekeza na kumfukuza akitaka. Sasa mwajiri ni nani? Chama kilipoishtaki kaunti, mahakama ya rufaa ilijibu mwaka 1990 kwamba si kaunti. Jimbo nalo lilikana. Akabaki mhudumiwa, mara nyingi mtu asiye na senti yake katika malipo hayo, ambaye hata angetaka kuongeza ujira asingeweza. Kila mmoja alikuwa na kipande cha mamlaka, na hakuna aliyekuwa na wajibu. Mpangilio wa namna hiyo si ajali ya kiofisi. Ulikuwa na faida kwa kila aliyelipa.

Dawa iliyopatikana ilikuwa ya kisheria: mwaka 1992 jimbo liliruhusu kaunti kuunda mamlaka ya umma itakayohesabiwa kuwa mwajiri kwa ajili ya majadiliano, na Los Angeles iliunda yake mwaka 1997. Hapo ndipo pingamizi zito lilipokuja, wala halikutoka kwa matajiri. Lilitoka kwa watu wenye ulemavu. Harakati zao, zilizokuwa na mizizi Berkeley, California, kwa wanaharakati kama Ed Roberts, zilipigania miaka mingi haki ya mtu kujichagulia nani amvishe nguo na nani amguse mwilini. Waliogopa kwamba chama kingeleta taratibu za kiwandani chumbani mwao, na kwamba mhudumu mbaya angelindwa na mkataba. Hofu hiyo haikuwa ya kupuuzwa: ndani ya nyumba ya mtu, kumwondoa mhudumu usiyemwamini ni suala la usalama. Chama kilielewa, hata kama kilichelewa kuelewa. Maafikiano yakawa kwamba mhudumiwa abaki na haki ya kuchagua, kuelekeza na kufukuza, huku ujira na marupurupu vikijadiliwa na mamlaka, ambayo wengi wa wajumbe wa bodi yake ni wahudumiwa wenyewe. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la ubunifu zaidi katika historia yote hii. Mwajiri aligawanywa vipande viwili kwa makusudi, na safari hii kila kipande kikapewa wajibu wake. Waliokuwa wakipingana wakaenda pamoja Sacramento, makao makuu ya jimbo, kudai bajeti.

Wapo wanaosema huo si mkataba wa hali bora hasa. Wahudumu wengi wa California ni ndugu wa wanaowahudumia: binti, mke, mjukuu. Je, binti anajadiliana na nani juu ya kumwogesha mama yake? Hoja ina mvuto, hasa kwetu tunaoona kumlea mzazi ni deni. Lakini deni ni la mtoto kwa mzazi; jimbo halikuwahi kumdai mtoto huyo chochote, ila lilijipatia kazi yake kwa bei ya chini kabisa. Wasomaji wenye ndugu walioanza maisha Marekani kwa kazi hii wanajua upendo haumzuii mtu kuumwa mgongo. Kweli, mgomo hapa ni silaha butu, maana hakuna anayeweza kumwacha mgonjwa kitandani bila maji. Ndiyo sababu nguvu ya chama ilihamia kwenye kura na bajeti. Matunda ya mwanzo yalikuwa madogo pia. Kura ilipopigwa ujira ulikuwa dola 5.75 kwa saa, yaani kima cha chini cha California, na nyongeza ya kwanza ilihesabiwa kwa senti. Bima ya afya ilikuja baadaye, tena kwa waliotimiza saa kadhaa kwa mwezi.

Udhaifu wa kweli uko kwingine, nao unatoka palepale penye nguvu. Mwajiri aliyetungwa kwa sheria anaweza kufutwa kwa sheria. Mwaka 2014, katika kesi ya Harris dhidi ya Quinn iliyotoka Illinois, majaji watano dhidi ya wanne wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba wahudumu wa namna hii si watumishi kamili wa umma, hivyo wasio wanachama wasilazimishwe kukilipa chama kinachowawakilisha. Michigan ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2012 bunge la jimbo lilitangaza kwamba wahudumu wa majumbani si watumishi wa umma hata kidogo, na chama chao kikapoteza wa kujadiliana naye. Wahudumu waliendelea kwenda kazini kwenye nyumba zilezile, kwa malipo ya serikali ileile, kwa miaka 12, hadi bunge lenye wingi mwingine lilipowarudishia mwajiri mwaka 2024.