Umashuhuri wa Profesa Ali Mazrui na Asili Yake Mombasa

Katika wataalamu wa elimu ya siasa waliotokea Afrika katika karne ya ishirini, sidhani yuko aliyesikilizwa na mataifa mengi kama Profesa Ali Al-Amin Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933. Na wengi huinasibisha sifa yake na Oxford na Marekani, kauli nisiyoikubali, kwa kuwa ule ufasaha na ule ujasiri wa kutoa hoja mbele ya halaiki, uliowapendeza watu wa ng'ambo, aliondoka nao nyumbani.

Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali, Kadhi Mkuu wa Kenya, hakuridhika na kusomesha darsa tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alitoa magazeti, Sahifa kisha Al-Islah, akiwakemea Waislamu wa pwani kwa kughafilika na elimu na kuwaiga wageni pasipo kupambanua. Alipofariki mwaka 1947, mwanawe alikuwa bado kijana mdogo, ambaye baadaye hakufaulu vema mtihani wa Cambridge, Makerere ikamkataa, akawa mtumishi katika chuo cha elimu ya Waislamu pale Mombasa. Na hapo ndipo, katika sherehe ya Maulidi, aliposimama kuhutubia juu ya Mtume mbele ya Gavana Philip Mitchell, naye gavana akapendezwa na hotuba ile hata ikawa sababu ya kijana kupata njia ya kwenda kusoma Uingereza.

Makerere ile ile ikaja kumpa uprofesa, mpaka utawala wa Idi Amin ukamhamisha. Mwaka 1979 BBC ilimpa kutoa mihadhara ya Reith redioni, na mwaka 1986 ikaonyeshwa filamu yake ya sehemu tisa, The Africans: A Triple Heritage, isemayo kwamba Afrika imerithi mambo yake ya asili, Uislamu, na ustaarabu wa Kizungu. Mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa hayo huyaona kila siku: adhana humwamsha alfajiri, njia humpitisha kando ya ngome ya Wareno, na lugha aizungumzayo ni ya Kibantu iliyosheheni maneno ya Kiarabu. Huko Washington, Lynne Cheney, mkuu wa mfuko wa serikali uliosaidia gharama, alighadhibika kwa jinsi Wazungu walivyolaumiwa, akataka jina la mfuko wake liondolewe. Na ghadhabu hiyo, kwa rai yangu, ilizidi kumtangaza Mazrui.

Wala hakusema yapendezayo Waafrika tu, maana mwaka 1966 alimwandika Kwame Nkrumah wa Ghana kuwa ni Lenin na mfalme wa Kirusi kwa pamoja, akawaudhi wengi waliomhusudu kiongozi yule.

Alifariki Marekani mwaka 2014, akazikwa Mombasa. Basi vijana wetu watakao kumfahamu wasianze na vitabu vyake vya Kiingereza. Waanze na makala ya baba yake yaliyokusanywa katika Uwongozi, kwa Kiswahili.