Uso, Moyo na Neno: Vitabu vya Picha na Lugha ya Hisia katika Makazi ya Nakivale

Miongoni mwa waliopokelewa kwanza katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ni Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Miongo iliyofuata iliwaleta Wakongo, Warundi na Wasomali, na Kiswahili kikapata nafasi yake, hasa vinywani mwa waliotoka Kivu. Darasani mambo yalikuwa mengine. Mtaala wa mwaka 2007 uliagiza madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo. Mtoto wa Masha hukikuta Kinyankore shuleni kama alivyokiacha nyumbani. Kwa mtoto wa Kivu, hiyo ni lugha ya wenyeji wake.

Machi 2020 shule za Uganda zilifungwa, zisifunguliwe kikamilifu hadi Januari 2022. Aprili 2020 jopo la mashirika ya misaada ya kibinadamu lilitoa My Hero is You, kitabu cha picha kilichoandikwa na kuchorwa na Helen Patuck ili watoto wazungumzie hofu zao wakati wa UVIKO-19. Kilitafsiriwa kwa lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwamo.

Tafsiri pekee haitoshi. Vitabu vingi vya kufundishia hisia hutegemea uso: machozi ni huzuni, nyusi zilizokunjwa ni hasira, na mtoto hutakiwa kutaja neno moja. Kiswahili hakina desturi hiyo. Hofu humshika mtu, hasira humpanda, huzuni humjaa, maneno makali humkata maini. Mwenye wasiwasi roho yake iko juu. Mtoto anayesema moyo wake ni mzito hajashindwa kutaja huzuni; amesema zaidi ya alivyoulizwa. Tena, kwa Wakongo wengi hasira ni kasirani. Mhariri anayelifuta neno hilo kwa kuwa si sanifu (na wahariri hupenda kufuta) humwondolea mtoto neno ambalo angelitumia kusimulia yaliyompata njiani.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi, likapendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Masha, mwalimu atakifundisha kama lugha ngeni. Nakivale, atakikuta tayari kinywani. Kitabu kimoja kwa shule zote mbili kitahitaji kurasa zisizo na neno chini ya uso, ili mtoto wa Nakivale aseme kabla ya mwalimu.