Kariakoo na Nyumba ya Vyumba Sita

Jina la Kariakoo halikutoka katika Kizaramo, wala halikutoka katika Kiarabu kilichotupatia majina mengi ya pwani. Ni matamshi ya Kiswahili ya maneno mawili ya Kiingereza, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, waliwapigisha kambi wapagazi wao katika uwanda ulioko magharibi ya Mnazi Mmoja, na jengo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga hapo likageuzwa kuwa mahali pa kuwaweka watu hao na mizigo yao. Vita vikaisha, wapagazi wakatawanyika, jina likabaki. Nairobi nako uko mtaa wenye jina hilo hilo na asili hiyo hiyo, ila huko huandikwa Kariokor.

Yafaa mwanafunzi atulie kidogo hapa kabla ya kuendelea. Katika vita vile vya 1914 hadi 1918, Waingereza na wenzao waliwatumia watu wapatao milioni moja wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kubeba chakula, risasi na majeruhi, kwa kuwa ng'ombe na farasi waliuawa na mbung'o na barabara hazikuwapo. Karibu laki moja kati yao hawakurudi makwao. Waliopigwa risasi ni wachache. Wengi waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Iko Sanamu ya Askari katikati ya mji, iliyosimamishwa mwaka 1927, na maandishi yake yanawataja wapagazi pamoja na askari. Lakini anayeonekana pale juu ni askari peke yake na bunduki yake. Mpagazi hana sura. Sipiti pale bila ya kulifikiri jambo hilo. Kumbukumbu kubwa ya mpagazi katika mji huu ni mtaa wenyewe.

Nataka kuzungumza juu ya mtaa huo, na zaidi juu ya nyumba yake, kwa sababu nyumba ndiyo iliyoufanya mtaa uwe kama tulivyoujua, na nyumba hiyo sasa inatoweka.

Mji wa Dar es Salaam ulianzishwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, na Wajerumani wakaufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Muda si mrefu ikatungwa sheria ya ujenzi iliyougawa mji katika sehemu tatu. Ya kwanza, upande wa bahari, ilikuwa ya majengo ya kizungu. Ya pili ya majengo ya mawe ya maduka na makazi. Ya tatu ya vibanda. Mwaka 1913 serikali ya Wajerumani ilinunua shamba kubwa kwa mlowezi mmoja, Schoeller, ili wakazi Waafrika wahamishiwe huko. Waingereza nao, baada ya vita, waliufuata mpango ule ule. Werevu wa sheria hiyo, kama werevu ndilo neno lake, ni kwamba mikononi mwa Waingereza haikutaja rangi ya ngozi. Ilitaja matofali, mawe na makuti. Asiyeweza kujenga kwa mawe akajikuta Kariakoo bila ya mtu kumwambia kuwa amebaguliwa. Kati yake na Uhindini ukaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, uwe mpaka. Ndiyo maana watu wakazoea kusema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, kana kwamba ni nchi tatu.

Viwanja vya Kariakoo vilipimwa kwa kamba iliyonyooka. Barabara zake zinakatana kama mistari ya daftari la hesabu. Lakini aliyejenga hakuimiliki ardhi. Aliilipia serikali kodi ya kiwanja mwaka hata mwaka, na idhini yake ilikuwa ya muda mfupi. Kwa kuwa hakuwa na hati ya kuweka rehani, benki haikuwa na habari naye. Basi alijenga kwa akiba yake mwenyewe, polepole, leo chumba kimoja na mwakani cha pili. Hapo ndipo lilipo shina la mambo yote tutakayoyaeleza.

Nyumba aliyoijenga ndiyo iitwayo nyumba ya Kiswahili. Mbele ina baraza, mahali pa kukaa jioni. Mlango mkuu huingia katika ukumbi mrefu ulionyooka mpaka nyuma, na kila upande wa ukumbi kuna vyumba vitatu, jumla sita. Mwisho wa ukumbi ni uani, penye jiko, stoo, bafu na choo, na pengine banda lenye vyumba vingine. Kuta za zamani zilikuwa za miti na fito zilizokandikwa kwa udongo na kupakwa chokaa. Paa lilikuwa la makuti, baadaye la madebe yaliyokunjuliwa, na mwenye uwezo akaezeka mabati. Fundi hakuhitaji ramani. Ramani alikuwa nayo kichwani, kama mshairi alivyo na mizani.

Mwenye nyumba alikaa katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, kila kimoja kwa mpangaji wake na kwa kodi ya mwezi. Nyumba haikuwa mahali pa kulala tu. Ilikuwa shamba la mtu wa mjini, na vyumba ndiyo mavuno yake. Wengi wa wenye nyumba walikuwa na nyumba moja tu, na si wachache kati yao walikuwa wanawake. Mama aliyeuza maandazi au vitumbua kwa miaka mingi aliiweka akiba yake ukutani, chumba baada ya chumba. Akiachwa au akifiwa, hakurudi kwa kaka zake mikono mitupu. Sheria za kazi za wakoloni hazikumfikiria mwanamke huyo hata kidogo. Chumba cha kupangisha kilimfikiria.

Na mpangaji je? Alikuwa kuli wa bandarini, mtumishi wa nyumba za Uzunguni, karani, fundi cherehani. Alitoka Rufiji, Tabora, Songea, Kilwa, na wengine Kongo na Nyasa. Majina ya mitaa yanatoa ushahidi: Nyamwezi, Kongo, Mafia, Pemba, na katikati yake Mtaa wa Swahili. Katika nyumba moja ya vyumba sita waliweza kuishi watu wa makabila sita, wakatumia jiko moja, kisima kimoja na choo kimoja. Hawakuwa na njia ya kugombana wala kupatana ila kwa Kiswahili. Sisi tunaofundisha lugha hupenda kusema kwamba Kiswahili kilienezwa na biashara, dini, shule na siasa. Ni kweli. Lakini naongeza uani: mahali ambapo wake wa wapangaji walizozana juu ya zamu ya kufagia mpaka watoto wao wakawa hawajui tena lugha nyingine ya kuzozana.

Maisha hayo hayakuwa ya anasa, na mtu asiyapambe. Mji ulikua kuliko nyumba zake. Sensa ya 1948 ilipata watu karibu 69,000, na ya 1957 ikapata zaidi ya 128,000. Ilala, kisha Magomeni na Temeke, zilipanuliwa kupunguza msongamano, lakini mishahara haikulingana na bei ya chakula wala kodi ya chumba. Mgomo wa makuli wa mwaka 1947, uliosambaa mpaka nje ya Dar es Salaam, ulitokana na dhiki hiyo hiyo iliyokuwa ikihesabiwa kila mwisho wa mwezi katika kumbi za Kariakoo.

Baraza nayo ilikuwa na kazi yake. Chama cha African Association kilianzishwa mwaka 1929, na mmoja wa waasisi wake alikuwa Kleist Sykes, mtu ambaye vitani alikuwa askari upande wa Wajerumani, akaja kuishi katika mtaa ulioitwa kwa jina la wapagazi wa adui zake. Chama kilijenga nyumba yake New Street, barabara iitwayo Lumumba siku hizi. Ni katika nyumba hiyo TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Abdulwahid, mwana wa Kleist, alikuwa msimamizi wa Soko la Kariakoo, na alikuwa kiongozi wa chama kabla ya Julius Nyerere kuchaguliwa mwaka 1953. Soko na siasa zilikuwa hatua chache tu baina yao. Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam na mwimbaji wa ngoma, alipokabidhiwa mwaka 1955 kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama, alianzia katika vikundi vya ngoma. Na vikundi hivyo vilikutana wapi, kama si katika nyua za nyumba hizi? Hata mpira una asili hapa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mahasimu wake, walioitwa Sunderland kabla ya kuitwa Simba, mwaka 1936. Makao ya vilabu hivyo, moja Mtaa wa Twiga na jingine Msimbazi, yako karibu kiasi kwamba shangwe za upande mmoja ni karaha kwa upande wa pili.

Uhuru ulipopatikana, Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Umilikaji wa ardhi wa kudumu ulifutwa mwaka uliofuata, na mwaka 1971 serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi. Sheria hiyo iliwagusa hasa wenye maghorofa. Nyumba ya udongo ya mama muuza vitumbua haikufikia kiwango. Wakati huo huo soko la zamani lilibomolewa, na Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kuwa wasanifu majengo, akabuni soko jipya lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni safu za miavuli ya zege iliyopinduliwa, inayokinga mvua na kuiteremsha ndani ya nguzo. Chini ya ardhi walikaa wauzaji wa jumla, juu wa rejareja. Kwangu mimi hilo ni shairi lililoandikwa kwa saruji. Moto uliliunguza tarehe 10 Julai 2021, na likaanza kukarabatiwa.

Kilichoibadili nyumba ya vyumba sita hakikuwa moto wala sheria. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ililegezwa masharti, bidhaa za nje zikaingia kwa wingi, na wafanyabiashara kutoka kila mkoa, na kutoka Zambia, Malawi na Kongo, wakaja kununua Kariakoo. Ghafla chumba cha mbele kikawa na thamani kubwa kikiwa duka kuliko kikiwa malazi. Baraza likabomolewa likawa fremu za maduka. Kisha kiwanja chenyewe kikawa na bei kubwa kuliko nyumba iliyokuwa juu yake. Warithi wengine waliuza. Wengine waliingia ubia na mwenye fedha: huyu anatoa kiwanja, yule anajenga ghorofa, kisha wanagawana. Kwa fremu nzuri mpangaji hulipa kilemba kabla hata hajalipa kodi, na madalali huishi kwa neno hilo.

Siwalaumu warithi. Watoto tisa wa mama mmoja hawawezi kugawana vyumba sita, na aliyewahi kulala katika ukumbi unaovuja hatamwambia mwenzake akatae lifti. Lakini kuna hasara, nayo si ya makuti. Mpangaji wa chumba aliondoka akaenda Mbagala, Tandale na Gongo la Mboto, na usiku mitaa iliyokuwa na watu barazani ina walinzi. Tena haraka imezaa maafa: tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka asubuhi wakati watu wako dukani, na zaidi ya 20 wakafa.

Zimebaki nyumba chache za zamani, zimebanwa na maghorofa. Mwalimu aliye jirani anaweza kuwaongoza wanafunzi kwa miguu asubuhi moja: waanzie Mnazi Mmoja kwenye mnara wa Mwenge, wavuke Lumumba, wapite Mtaa wa Kongo penye doti za kanga, wafike sokoni. Kisha wamwombe ruhusa mwenye nyumba mmoja wa zamani. Wapime ukumbi, wahesabu vyumba, waulize nani alikaa katika kipi, alitoka wapi, alilipa nini, na ni nani aliyekandika ukuta. Wayaandike majina. Ya wapagazi hayakuandikwa barabarani, na bibi aliye barazani leo ana miaka themanini na kitu.