Bedlaina ya pikapu: tazama bati kabla ya kutazama rangi

Ndugu zangu wa mwambao mnaopanda bara na pikapu, swali hili nimeulizwa zaidi ya mara moja: je, kuna faida kulipa pesa ili bodi ya nyuma inyunyiziwe bedlaina? Na kama ipo, mtu achague vipi? Mimi hupeleka chumvi, nazi na samaki wakavu Bungoma na Kitale, na nikirudi hupakia mahindi na maharagwe. Haya ninayoandika nimeyapata katika safari hizo na kwa mafundi wa gereji za huko.

Jibu langu kwa ufupi: bedlaina ni kinga nzuri kwa bati zima, na ni hasara kwa bati ambalo kutu imekwisha kuingia. Kwa hiyo la kwanza kuchagua ni fundi na maandalizi yake. Jina la dawa linafuata.

Bedlaina ni nini

Ni mpako mzito wa plastiki unaonyunyiziwa ndani ya bodi ya nyuma, ukashikamana na bati. Hutengenezwa kwa dawa mbili zinazochanganywa. Zikikutana hugandana zikawa ngozi ngumu yenye chembechembe. Ngozi hiyo huzuia mikwaruzo, hupunguza kelele ya mzigo, na huzuia masanduku kuteleza. Aliyeteremka Salgaa akiwa na makreti ya nyanya anajua thamani ya mzigo kutulia mahali pake.

Tofauti yake na ile laina ya plastiki ya kupachika ni kwamba hii haina nafasi chini yake. Laina ya kupachika hutetema na kuikwaruza rangi, na maji yenye mchanga hukaa kati yake na bati. Ukiitoa baada ya miaka michache waweza kukuta sakafu imetoboka.

Kwa nini safari zetu ni mtihani kwa bati

Toka Mombasa hadi Bungoma ni zaidi ya kilomita 800. Pikapu yetu hulala kwenye upepo wa bahari, kisha hubeba chumvi ya Gongoni au Marereni, samaki wanaovuja maji ya chumvi, au mbolea. Wakulima wa Trans Nzoia na Bungoma hutumia DAP na CAN kwa wingi, na mbolea hizi nazo ni chumvi kwa asili yake. Gunia likipasuka, punje huvuta unyevu na kugeuka maji yanayokula chuma. Ongeza tope la njia za mashambani msimu wa mvua, na mtu anayeburuta gunia la kilo 90 juu ya sakafu. Rangi ya kiwandani haihimili haya kwa muda mrefu.

Aina mbili za bedlaina

Ya kwanza hupigwa kwa mtambo. Dawa hupashwa moto, husukumwa kwa nguvu kubwa, na huchanganyika kwenye mdomo wa bunduki. Hushika baada ya sekunde chache tu, kwa hiyo fundi aweza kupiga tabaka nene kwa siku moja. Line-X na Rhino Linings za Marekani ni za namna hii. Kampuni hizi hufanya kazi kupitia mawakala wenye mtambo na mafunzo. Ukiona jina la aina hiyo ukutani na ndani mna kompresa ya kawaida na pipa la rangi, uliza dawa hiyo inapigwa kwa kitu gani.

Ya pili ni ya chupa. Fundi hutia kigandishi, hutikisa chupa, huifunga kwenye bunduki yake na kupiga kwa kompresa ya kawaida. Inayojulikana zaidi ni Raptor ya U-POL, kampuni ya Uingereza. Hii ndiyo fundi wa rangi wa mji wowote aweza kuipiga bila mtambo mkubwa. Tabaka lake ni jembamba na hukauka polepole, lakini ikipigwa vizuri hulinda vya kutosha gari la mizigo ya kawaida. Pia ni rahisi kuitia kiraka ikikwaruzika.

Hesabu ya unene

Hapa ndipo wengi huuziwa maneno, na hesabu yenyewe ni nyepesi. Mita mraba moja ikipakwa unene wa milimita 1 hutumia lita 1 ya mpako mkavu. Bodi ya pikapu ya kebini moja, sakafu na kuta zake, hukaribia mita mraba 7. Kwa hiyo milimita 1 yataka lita 7, na milimita 3 zataka lita 21. Fundi akikuambia atapiga milimita 3, na mbele yako kuna chupa nne za lita moja moja, hesabu haikubali. Zile chupa zina kimiminika kinachoruka hewani pia, kwa hiyo hata nusu milimita ni shida kuipata.

Si kwamba chupa nne ni ubaya. Kwa mtu wa nazi na maharagwe zaweza kutosha. Ubaya ni kulipia milimita 3 ukapewa nusu. Kwa mawe ya ujenzi, vyuma au mitungi ya gesi, tafuta kazi ya mtambo.

Jua na chembe

Kuna dawa zinazopauka juani na kutoa vumbi jeupe, na kuna zinazohimili. Kitale iko kama mita 1,900 juu ya bahari, na jua la mwinuko ule ni kali kwa rangi hata kukiwa na baridi. Uliza waziwazi kama dawa hiyo haipauki juani. Kupauka hakumaanishi kinga imekwisha siku hiyo hiyo, ila gari huonekana limechakaa na bei yake hushuka.

Kuhusu chembe, wengi hutaka zile kubwa kwa kuwa zinapendeza. Mwenye magunia asizitake. Chembe kubwa hutafuna gunia la nailoni linapoburutwa, na mahindi humwagika. Pia huchubua magoti ya vijana wa kupakia. Omba chembe ndogo, zinazotosha kuzuia kuteleza.

Maandalizi ndiyo kazi yenyewe

Kupiga dawa huchukua muda mfupi. Kuandaa bati kwaweza kuchukua siku nzima, na fundi asiyetaka kuitoa siku hiyo muache. Utaratibu ni huu: fungua ndoano na boliti zote, osha kwa sabuni na maji mengi mpaka chumvi na mafuta viishe, ndipo upige msasa, namba 80 hadi 180, kila pembe. Ukipiga msasa kabla ya kuosha, unasugua chumvi na grisi ndani ya mikwaruzo. Palipobaki chuma kitupu pigwe praima ya epoksi. Mashimo ya kutolea maji yazibwe kwa tepu wakati wa kupiga, kisha yafunguliwe. Nimeona gari ambalo mashimo yaliachwa yamezibwa na dawa. Baada ya mvua moja bodi iligeuka birika.

Hali ya hewa nayo ina neno. Dawa ya kugandisha ikikutana na maji hutoa gesi, na mpako huota malengelenge. Asubuhi ya Kitale bati huwa na umande, na alasiri ya msimu wa mvua huleta wingu. Kwa hiyo kazi ifanywe chini ya paa, umande ukiwa umekwisha, bati likiwa kavu na lina joto. Miezi mizuri ni Desemba hadi Februari. Najua huo ndio wakati mahindi yanasafiri, lakini kuisimamisha gari wiki moja Januari ni bora kuliko kurudia kazi nzima Juni. Wiki hiyo ni ya mpako kukomaa. Usipakie nafaka wala samaki harufu ya dawa ikiwa bado ipo, na hata baadaye tandika turubai safi chini ya magunia.

Kifua cha fundi

Jambo hili halizungumzwi sana, nami naona ndilo zito kuliko yote. Dawa hizi zina kemikali iitwayo isosianeti. Mvuke na matone yake yakivutwa huweza kuleta pumu ya kazini, na mtu ambaye mwili wake umekwisha kuikataa hushikwa hata na kiasi kidogo sana. Wengine huacha ufundi kabisa. Kitambaa puani hakizuii kitu. Mpigaji anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, miwani, glavu na nguo za kufunika mwili.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga kwa wafanyakazi wanaoshika vitu vyenye madhara. Gereji nyingi za kando ya barabara hupiga dawa uwanjani, na mama wa chapati yuko hatua kumi pembeni. Bei ikiwa nafuu kupita kiasi, jiulize imepunguzwa wapi. Mara nyingi imepunguzwa kwenye kifua cha kijana wa watu. Mimi kazi ya namna hiyo siilipii.

Kama kutu imekwisha kuingia

Waswahili husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Bedlaina nyeusi inayong'aa yaweza kufunika bati lililooza, na baadhi ya wauza magari hufanya hivyo makusudi. Ukinunua pikapu ya mkono wa pili iliyonyunyiziwa juzi, ingia chini na tochi. Gonga sakafu kwa kipini cha bisibisi. Bati zima hulia kwa sauti kali. Bati bovu hutoa sauti nzito na huacha unga wa kutu mkononi.

Kama gari ni lako na sakafu imetoboka, pesa za bedlaina mpelekee kwanza fundi wa bodi akate na kuunga bati jipya. Ukishindwa na gharama zote mbili, unga bati, piga epoksi, tandika mkeka mzito wa mpira, na uwe unauinua kila mwezi kuosha chini. Mkeka hauna sifa mjini, lakini bati lake waweza kulikagua.

Maswali ya kumuuliza fundi

1. Unapiga kwa mtambo au kwa chupa, na ni lita ngapi zitaingia kwenye gari langu?
2. Utaosha kabla ya msasa, na naweza kuja kuona bati kabla hujapiga dawa?
3. Dawa hii hupauka juani?
4. Mpigaji anavaa nini?
5. Ikibanduka baada ya miezi mitatu, nani analipa? Andika.

Swali la pili ndilo lipe uzito kuliko mengine. Anayekuruhusu kuja kuona bati tupu hana la kuficha. Anayekwambia uje jioni kuchukua gari limekwisha, shukuru kwa chai yake na uende gereji ya pili.